Malkia wa Majina Matatu

9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu nikitumaini barua hii inakukuta umekula na umelala, kwa sababu ulipoondoka hapa hukuwa umefanya lolote kati ya hayo mawili. Mimi mzima. Goti ndilo lenye habari zake, nikipanda ngazi linapiga kelele kama mlango mkavu. Mwanangu, kaka yako dereva, anakusalimu. Mtoto wake ameota jino la kwanza, na kidole cha baba yake ndicho alichokitumia kulijaribu.

Nimeanza kupanga vitu kwenye chumba cha mama yako cha kusukia. Si kwamba nina haraka, ila fundi viatu wa jirani ananiambia kila asubuhi wateja wanakuja, wanasimama mlangoni, wanaondoka. Juzi alikuja yule mama wa miwani mikubwa. Alisema mama yako alimwachia Hatshepsut katikati, pale anapoamuru sanamu zake zichongwe na ndevu kama za wafalme wanaume, na sasa amekaa miezi mitatu hajui kilichofuata. Unakumbuka alivyokuwa akifanya: hadithi inaishia msuko unapoishia, na ukitaka kusikia iliyobaki urudi nywele zikifumuka. Nilimkaribisha, nikamweleza kadiri ninavyojua. Akanishukuru, akaenda zake na malkia kamili na nywele timutimu.

Kioo kipo. Vitana vyote vipo, hata kile chekundu chenye meno mawili pungufu. Kigoda cha wateja kipo. Na zile karatasi za kitabu cha malkia, alizokuwa akikusomea mama yako, nimezikuta ndani ya foronya ya mto wake, zimelowa mafuta ya nywele hadi zinapitisha mwanga. Niambie nikutumie nini.

Ulifika siku moja baada ya maziko ya mama yako na ukaondoka siku ya tatu, na tangu hapo sijapata neno lako. Sikulaumu. Nasema tu kwamba naenda posta kila Jumanne na wameshanizoea.

Mimi, mjomba wako.

*

2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole kwa goti na pole kwa ngazi za posta. Nimeanza barua hii mara nne. Mara ya kwanza niliandika "Mama" kwenye bahasha kwa mazoea, nikaichana.

Huku ni wazima. Nina darasa la watoto arobaini na watatu, wa mwaka wa tano, na dirisha moja lisilofungika. Mwalimu mkuu ni mtu mwema anayependa karatasi zenye mihuri. Mpe salamu kaka dereva, mwambie kidole kitapona, jino ndilo litabaki.

Sikukuandikia kwa sababu sikuweza kumzungumzia Mama na mtu yeyote. Nilipojaribu nilikohoa tu. Halafu mwezi uliopita tulikuwa na somo la historia, na kitabu kilikuwa na kurasa mbili kuhusu wafalme, wote wanaume. Mtoto mmoja akauliza wake zao walikuwa wakifanya nini muda wote huo. Nikafunga kitabu, nikaanza kusimulia. Nilianza na Wu Zetian, mwanamke pekee aliyetawala Uchina kwa cheo cha kaizari mwenyewe. Kesho yake Taitu wa Ethiopia, aliyekwenda vitani Adwa pamoja na mumewe. Mjomba, nilisikia sauti ya Mama ikitoka kinywani mwangu, na mikono yangu ilikuwa inasogea hewani kana kwamba inagawa nywele. Sikukohoa hata mara moja.

Sasa ukuta mzima una picha za malkia waliochorwa na watoto. Elizabeth wa Kwanza amechorwa akivua wigi, kwa sababu niliwaambia alivyokuwa akisema Mama kwa wateja wenye nywele chache: usione haya, huyu alitawala Uingereza nzima na wigi kichwani. Na Victoria wamemchora mweusi kuanzia juu hadi chini. Unakumbuka maneno ya Mama? "Alivaa nguo nyeusi miaka arobaini kumlilia mumewe. Mimi nina wateja, sina nafasi hiyo."

Tarehe 27 Juni wazazi watakuja shuleni na darasa langu litaigiza. Nimemweka wa mwisho yule ambaye Mama alimpenda kuliko wote, Malkia wa Majina Matatu. Nimempa sehemu hiyo msichana aliyehamia hapa mwaka huu kutoka mbali. Lugha yetu haijui vizuri, na tangu aje alikuwa hasemi, anaitikia kwa kichwa. Nilipofika pale malkia anapotembea peku chumbani akikariri maneno ya lugha ya ukweni mpaka anaugua mapafu, msichana alinyoosha mkono. Alisema, "Mwalimu, huyo ni mimi." Sentensi nzima. Tangu hapo anaongea, na wenzake wanamwita Malkia.

Ninachoomba ni hizo karatasi za malkia huyo. Hadithi naijua neno kwa neno, ila mwalimu mkuu anataka kuona nilipoitoa, na katika vitabu vya hapa sijamwona. Nitumie hizo tu. Kigoda na vitana niwekee, nitavifuata mwenyewe nikipata nguvu.

Mpwa wako anayekupenda.

*

28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta, nimeisoma mara nyingi, na ile sehemu ya wigi nimemsomea fundi viatu, ambaye ana upara, naye amesema ataanza kudai heshima ya kifalme.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya mambo madogo madogo. Bati la jikoni lilivuja. Goti limebadilisha mguu, sasa linauma la kushoto. Mtoto wa kaka yako ana meno mawili na anatambaa kurudi nyuma, mama yake amemwita Rivasi.

Nimefurahi kwamba unasimulia. Mama yako angefurahi pia, ingawa angekwambia usimulie huku mikono inafanya kazi.

Kuhusu zile karatasi, zimechakaa sana. Nataka kuzishona kwanza na kuzipa jalada gumu, nisije nikakutumia makapi. Mikono yangu si ya zamani, kwa hiyo itachukua muda. Kwa mchezo wa watoto, kwa nini usimweke Taitu awe wa mwisho? Ana vita, ana mume mwenye taji, wazazi watapenda. Huyo wa majina matatu mwache kwanza.

Chakula kula. Dirisha weka kipande cha mbao.

Mjomba wako.

*

17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mguu wa kushoto umepata nafuu na Rivasi amepata gia ya mbele.

Nimesoma "huyo mwache kwanza" na sikuelewa. Sasa nimeelewa.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa darasa la saba, anayefundisha historia na anayependa kuipenda historia mbele za watu, alisimama darasani kwangu kuangalia picha. Alifika kwa malkia wangu akauliza ni nani. Nikamsimulia hapo hapo, mbele ya watoto. Malkia alianza na jina la Sofia, alilopewa na baba yake. Akasafirishwa kwenye theluji kwenda kuolewa Urusi akiwa hajatimiza miaka kumi na mitano, ukweni wakambadilisha wakamwita Katerina. Akajifunza lugha yao hadi akaugua. Kisha akachoka na baridi, akahamia Angola, akajipa jina la tatu mwenyewe, Nzinga. Akaenda kuzungumza na gavana wa Wareno, gavana akakaa kwenye kiti, yeye akatandikiwa mkeka. Basi mhudumu wake akainama kwa mikono na magoti, naye akaketi mgongoni mwake, wakazungumza uso kwa uso. Akapigana nao miaka mingi, akafa mzee, juu ya kitanda chake.

Mjomba, nilisema "akachoka na baridi, akahamia Angola" kwa sauti yangu mwenyewe, mimi mtu niliyesomea ualimu, na ndipo nilipoisikia. Nimeisikia tangu nikiwa na miaka mitatu, kichwa changu kikiwa katikati ya magoti ya Mama, na sikuwahi kuisikia.

Mwenzangu alicheka hadi akashika meza. "Mwalimu, hawa ni wanawake wawili. Wamepishana miaka mia na zaidi. Umemchukua Katerina wa Urusi ukamvalisha miguu ya Nzinga." Ofisini sasa wananiuliza kama Kleopatra naye alihamia hapa jirani.

Nilikwenda maktaba. Ni kweli, wawili. Nikafunga kitabu nikakaa pale hadi wakafunga.

Kuchekwa nitazoea. Kinachoniumiza ni kwamba nimemkasirikia Mama, na hayupo wa kukasirikiwa. Kama hilo halikuwa kweli, kipi kingine? Kila kitu ninachokijua kuhusu kusimama wima nilikipata kwa malkia yule. Na yule msichana mgeni ameuliza mara mbili kama malkia wake bado yupo kwenye mchezo. Nimemwambia nitamjibu. Amerudi kuitikia kwa kichwa.

Wewe ulifanya kazi katika kiwanda kilichochapa kitabu cha malkia. Wewe ndiye uliyemletea Mama karatasi. Nijibu hili moja tu: ulijua?

Mpwa wako.

*

8 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu. Sina habari za goti leo.

Nilijua.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana sikusoma mbali na nikichanganya nitaficha tena.

Pale kiwandani nilikuwa sehemu ya kukunja na kushona. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa, ukiikunja, inatoa kurasa kumi na sita, na kitabu ni karatasi kama hizo kadhaa zilizoshonwa pamoja. Zile ambazo wino umetapakaa zilikuwa zinatupwa, na wafanyakazi tuliruhusiwa kuzichukua za kufungia vitu. Kitabu cha malkia kiliharibika sana, upande wa chini wote ulikuwa na wino, penye namba za kurasa. Nikamletea mama yako rundo afungie vitana. Yeye akazisoma. Ila katika rundo lile haikuwemo karatasi moja ya katikati, ya ukurasa wa arobaini na tisa hadi sitini na nne. Kwa hiyo Katerina anakatika palepale mambo yanapopamba moto, na ukurasa unaofuata unaanza na malkia anayetandikiwa mkeka. Namba hazionekani. Jina limebadilika, lakini mbona huyu alishabadilishwa jina mara moja? Mama yako aliona ni yuleyule. "La kwanza alipewa na baba," aliniambia, "la pili alipewa na wakwe, la tatu kajipa mwenyewe." Alisema huku anacheka kama mtu aliyefungua kufuli.

Baada ya wiki karatasi ile iliyokosekana ilichapwa upya, na moja ikaharibika. Nikaitia mfuko wa shati nimpelekee. Hapo ndipo penye jambo.

Wewe hukumbuki, ulikuwa mgongoni. Baba yako alipofariki, ndugu zake walikaa kikao cha kuamua wewe na mama yako mtakwenda wapi. Mimi niliitwa kama kaka yake. Vililetwa viti vya wanaume, vikahesabiwa, vikatosha. Mama yako hakuletewa. Alisimama katikati ya chumba na wewe mgongoni, akajibu maswali yao kwa lugha yao, aliyojifunza mwenyewe jikoni kwao, hakukosea neno. Ilichukua mchana mzima. Na mimi nilikuwa nimekaa. Kiti changu kilikuwa cha mbao, mguu mmoja mfupi, kilikuwa kinacheza, na kila kilipocheza nilifikiri, sasa nitainuka nimpe. Sikuinuka. Niliogopa wataniona sina adabu ugenini. Alivyosimama ndivyo alivyotoka.

Basi siku ile nilipofika na karatasi mfukoni, alikuwa anamsuka mteja, na hadithi ilikuwa imefika kwa gavana. Akaniona mlangoni. Akaniangalia juu ya kichwa cha yule mteja, akasema, taratibu, kama anayeomba kitana, "Akanyimwa kiti, kaka. Lakini yeye alikuwa na mtu wa kuinama."

Kisha akaendelea na nywele.

Niliweka mkono juu ya mfuko. Ningemwambiaje hapo kwamba huyo aliyenyimwa kiti si huyo aliyejifunza lugha? Ingekuwa kana kwamba natafuta njia ya kukifuta kile kiti. Nikasema nitampa kesho. Ikawa mwezi. Wewe ukakua ukaanza kuisimulia kwa wanasesere wako. Nikaiweka kwenye droo yangu, chini ya vyeti, na imekaa humo miaka ishirini na minane. Jumamosi mama yako alipokuwa akija kunifagilia, nilikuwa naogopa ile droo kama mtu anayefuga nyoka.

Naiweka ndani ya bahasha hii. Mwambie huyo mwenzako anamcheka mtu ambaye siye. Mama yako alisoma alichopewa, na mimi ndiye niliyempa nusu. Ukitaka kukasirika, mimi nipo. Jumanne bado naenda posta.

Mjomba wako.

*

1 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hiyo ya tatu ni ya goti.

Barua yako ilifika tarehe 20. Nililia kwa ajili ya Mama akiwa amesimama, nikalia kidogo kwa ajili yako umekaa kwenye kiti kinachocheza. Halafu nikaosha uso nikaenda darasani, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku saba.

Niliwaambia watoto ukweli wote. Niliwaeleza karatasi kubwa inavyokunjwa, tukakunja moja, tukahesabu kurasa kumi na sita, tukaivuta ya katikati tukaona jinsi wanawake wawili wanavyogeuka mmoja. Nikasema aliyewaunganisha alikuwa msusi, naye alikuwa mama yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele ya watu bila kukohoa. Kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo malkia wameongezeka?" Wakashangilia.

Msichana mgeni hakushangilia. Alikuja mezani kwangu akauliza yeye sasa ni yupi. Nikamwambia achague. Akachagua Katerina, kwa sababu ya lugha. Nzinga akapewa jirani yake wa dawati. Ugomvi ukaja kwenye mgongo: wavulana watano walitaka kuwa mhudumu, wakagombana hadi nikawatoa wote.

Siku yenyewe nilisahau kwamba sina mhudumu. Nzinga akafika, gavana akaketi na masharubu ya makaa, mkeka ukatandikwa. Mtoto akasimama. Hakuna aliyekuja. Ndipo Katerina, aliyekwishamaliza sehemu yake na alitakiwa awe nje, akarudi na taji lake la karatasi, akapiga magoti, akaweka viganja chini. Akasema kwa lugha yetu, bila kukosea neno, "Kaa, mwenzangu. Mimi najua."

Sikumfundisha hayo. Mwalimu mkuu alipangusa miwani. Yule wa historia alinijia baadaye akaniambia kwamba tarehe zilikuwa na kasoro. Nikamwambia ndiyo.

Sasa karatasi yako. Nimeisoma. Ndani yake mna jambo ambalo Mama hakuwahi kulisimulia: Nzinga alikwenda kwa yule gavana kwa sababu alitumwa na kaka yake, mfalme.

Na mna jingine, ambalo nadhani hukuliona, macho yako na mwanga wa chumba chako. Zile karatasi nyingine zina mafuta kwa sababu Mama alizisoma akiwa kazini. Hii ilikaa kwenye droo yako, chini ya vyeti. Inatakiwa iwe kavu. Lakini iinue dirishani. Pale Katerina anapokwisha na Nzinga anapoanza, ukingoni, kuna kidole gumba kilichopigwa chapa kwa mafuta ya nywele. Kinapitisha mwanga. Nimekilinganisha na vile vya kwenye kitana alichoniachia nilipokuja masomoni. Kina kile kikovu cha mkasi.

Alisoma, Mjomba. Sijui lini. Aliisoma, akairudisha chini ya vyeti, na akaendelea kusimulia vilevile.

Nakurudishia uione kwa macho yako.

Mpwa wako.

*

19 Julai

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto arobaini na watatu, na kwa malkia wote, wa karatasi na wa damu. Rivasi amesimama mwenyewe kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili.

Nilikwenda na karatasi kwenye dirisha la posta, sikuweza kungoja hadi nyumbani. Nikaiinua. Karani akauliza kama natafuta noti bandia. Nikamwambia namtafuta dada yangu, na nimempata.

Nimekaa siku nyingi nikijaribu kukumbuka ni lini. Nadhani ni miaka kumi iliyopita, Jumamosi moja niliporudi kutoka sokoni nikamkuta amemaliza kufagia na amevuta kiti changu katikati ya chumba. Alikuwa anapangusa mikono kwa kanga. Alisema, "Kaa, kaka. Mambo ya viti tulishayamaliza." Nilidhani anasema viti vyangu vibovu, nikamwambia nitaleta misumari. Akacheka sana, akacheka hadi akajishika kiuno, na mimi nikacheka kwa kumfuata, sijui nacheka nini. Kila Jumamosi tangu siku hiyo alikuwa akinivutia kiti. Mpaka ile ya mwisho.

Karatasi nimezishona zote kwa mpangilio wake, na ile ya katikati mahali pake. Jalada ni gumu, la kitambaa cha kijani. Mikono bado inajua. Na chumba cha kusukia nimekubaliana na yule mama wa miwani. Binti yake ni msusi, ataanza mwezi ujao, na nimeahidi kwenda asubuhi mbili kwa wiki kusimulia. Nimemwanzishia Hatshepsut upya.

Kitabu sikitumi kwa posta. Nakileta mwenyewe, na vitana, na kigoda. Kaka yako dereva atanifikisha kwako Jumapili ya tarehe 4 Agosti, mchana. Usihangaike kuazima kiti kwa ajili yangu. Nitakiweka kigoda cha mama yako katikati ya chumba chako, nawe utakaa, unisimulie mchezo wote tangu mwanzo, usiruke kitu.

Mimi nitasimama. Goti litalalamika. Liache lilalamike.

Mjomba wako.